Unyayo uliosahau ardhi

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Machi 2025 sikupata usingizi, na wala sikuutafuta. Ramadhani ilikuwa imeshapita nusu. Nyumba ilikuwa kimya, umeme ulikuwepo, bando lilikuwa limebaki la kutosha, na simu yangu nilikuwa nimeiegemeza kwenye chupa ya chai sebuleni kwetu hapa Tanga, nikitazama bahari isiyo yetu. Ilikuwa Ghuba ya Meksiko, mbele ya pwani ya Florida. Kule jua lilikuwa bado halijatua na maji yametulia kama yamemwagiwa mafuta. Saa saba kasoro dakika tatu kwa saa zetu, kapsuli iitwayo Freedom ikashuka majini taratibu chini ya parachuti nne.

Ndani yake walikuwa watu wanne waliotoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu: Nick Hague, Aleksandr Gorbunov, Suni Williams na Butch Wilmore. Hague na Gorbunov walikuwa wamekaa huko karibu miezi sita. Williams na Wilmore waliondoka duniani tarehe 5 Juni 2024 kwa safari ya siku nane hivi, ya kukijaribu chombo kipya cha Boeing kiitwacho Starliner. Gesi ya heli ikavuja, baadhi ya injini ndogo za kukielekeza chombo zikagoma, na mwanzoni mwa Septemba chombo kikarudishwa kitupu. Wao wakabaki. Siku nane zikawa 286. Mengi yamesemwa juu ya hilo, mengine ya kisiasa, nami sina la kuongeza huko.

Mama alikuwa ameamka kwa ajili ya tahajudi. Alipopita sebuleni akaniona nimeikodolea macho simu, akasogea. Wakati huo kapsuli ilikuwa inaelea, nyeusi kwa kuungua ubavuni, na kandokando yake migongo ilikuwa inaibuka na kuzama.

"Pomboo hao," akasema mama bila kuuliza. "Wamekuja kupokea wageni."

Ni kweli walikuwa pomboo, kundi zima, wanaizunguka kapsuli kama wanavyozunguka ngalawa zetu. Nikamweleza mama hao watu wametoka wapi na wamekaa muda gani. Akatikisa kichwa. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Akavuta kiti.

Meli ikaipandisha kapsuli, mlango ukafunguliwa, na wakaanza kutolewa mmoja mmoja. Hague alikuwa wa kwanza. Watu walimshika kwapani, wakamvuta kwa upole, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Ilipofika zamu ya Suni Williams akatabasamu, akapunga mkono, naye akasukumwa.

"Mbona wanabebwa?" mama akauliza. "Wanaumwa?"

"Hawaumwi, mama."

"Basi mbona hawatembei?"

Mimi kazi yangu ni fiziotherapia. Wagonjwa huniita daktari wa mazoezi. Tangu nimalize chuo, sehemu kubwa ya siku zangu imekwenda kwa watu wasioweza kusimama, na swali la mama naulizwa kila wiki, na jamaa za wagonjwa, kwa maneno yaleyale. Usiku ule nilimjibu kwa kifupi kwa sababu alikuwa anaingia kwenye sala. Jibu refu ni hili.

Watu wengi hudhani kwamba kule juu hakuna nguvu ya uvutano. Ipo. Kituo kinazunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na katika kimo hicho dunia inakuvuta kwa karibu asilimia 90 ya inavyokuvuta hapa ulipokaa. Ila kituo na kila kilichomo vinaanguka pamoja, kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa. Vinaanguka na kuikosa dunia, vinaanguka na kuikosa, mzunguko mmoja kila dakika 90. Sakafu inaanguka sawa na mguu, kwa hiyo hakuna kinachoukandamiza unyayo. Mtu anaelea.

Na mwili haupendi israfu. Kisichotumika, mwili haukilishi. Mfupa wa nyonga, ambao hapa chini kazi yake ni kubeba kiwiliwili kutwa, ukikosa wa kumbeba huanza kujimomonyoa: asilimia moja hadi moja na nusu ya uzito wa mfupa kwa mwezi. Mtu mzima wa umri mkubwa hupoteza kiasi hicho kwa mwaka mzima. Misuli ya paja, ya shavu la mguu na ya mgongo hulegea. Damu na maji ambayo hapa huvutwa kuelekea miguuni hupanda juu, uso ukavimba, miguu ikawa myembamba kama ya korongo. Mwili ukiona maji yamejaa kifuani na kichwani huhesabu kuwa yamezidi, ukayatoa kwa mkojo. Kwa hiyo mtu anarudi nyumbani akiwa na damu pungufu, moyo uliozoea kazi nyepesi, na sikio la ndani ambalo vijiwe vyake vidogo vya kupimia juu na chini vimekaa miezi bila kuambiwa juu ni wapi.

Lakini jambo linalonigusa kuliko yote hayo ni la ngozi. Wanaanga wanaokaa muda mrefu hubanduka sugu za nyayoni. Hawakanyagi chochote, basi ngozi ngumu ya kisigino inalainika, inachubuka, inadondoka vipande vipande. Kinachoota sugu ni upande wa juu wa mguu, kwenye vidole na mgongo wa unyayo, kwa sababu ili wajishikize wasielee ovyo huwa wanachomeka miguu chini ya vyuma vilivyofungwa ukutani. Mguu umegeuka juu chini.

Niliposoma hilo mara ya kwanza nilinyamaza kidogo, maana nyayo za namna hiyo nazijua. Nimezishika kwa mikono yangu. Mtu akilala kitandani miezi mitatu, awe mkulima aliyetembea peku maisha yake yote, unyayo wake unakuwa laini kama wa mtoto wa siku arobaini. Ukiugusa na shuka anashtuka.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na mgonjwa wa hivyo, mzee mmoja mvuvi aliyevunjika paja. Alikuwa amelala wiki nyingi, mguu umefungwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Ilipofika siku ya kumwinua mimi nilikuwa na haraka. Nilikuwa kijana, nataka kuonyesha. Nikamtoa kwenye kulala nikamsimamisha moja kwa moja, na kwa sekunde chache alikuwa wima, mrefu kuliko nilivyodhani, anacheka. Kisha akasema, "Mwanangu, mbona chumba kinazunguka," na macho yakageuka. Nilimdaka lakini si vizuri, akagonga nyusi kwenye chuma cha kitanda, akashonwa nyuzi mbili. Alinisamehe siku ileile. Tangu siku hiyo simwinui mtu bila kumkalisha kwanza ukingoni, miguu ikining'inia, nikihesabu, nikipima presha, nikimwangalia midomo kama inapauka.

Kilichompata mzee yule ndicho wanachokihofia wanaowapokea wanaanga. Ukisimama, damu inateremka miguuni. Mishipa yenye mazoea inabana na kuirudisha juu kabla hujajua. Mishipa iliyosahau haibani kwa wakati, ubongo unakosa damu, unaanguka. Ndiyo maana kabla ya kuingia kwenye hewa ya dunia wanaanga hunywa maji mengi na chumvi, ili kuongeza ujazo wa damu, na huvaa nguo za kuwabana miguu. Ndiyo maana hushuka wakiwa wamelala chali, nguvu iwapige kutoka kifuani kwenda mgongoni, isiwateremshie damu yote miguuni. Na ndiyo maana hubebwa. Si udhaifu wala maonyesho. Mtu aliyefika anakalishwa ukingoni, kama ninavyomkalisha bibi wa watu pale wodini.

Haikuanza hivyo. Mwezi Juni 1970 Wasovieti Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov walirudi na chombo cha Soyuz 9 baada ya karibu siku 18 angani, muda mrefu kuliko binadamu yeyote kabla yao. Chombo chao kilikuwa kimezungushwa taratibu ili mitambo ya umeme iangaliane na jua, na mazoezi waliyofanya yalikuwa machache. Walipofika chini walikuwa hoi, hawawezi kutembea, wakabebwa kutoka kwenye chombo, na miili ikachukua siku nyingi kurejea. Madaktari wakaogopa. Kama siku 18 zinafanya hivi, miezi itafanya nini? Mazoezi ya kila siku ya angani, ambayo leo tunayaona ni jambo la kawaida, yalipata nguvu kutokana na miguu ya wale wawili.

Mwaka uliofuata likatokea zito zaidi, na siwezi kuandika habari za kurudi kutoka kituoni nikaliruka. Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev ndio watu wa kwanza kuishi katika kituo cha angani, Salyut 1. Walikaa siku 23. Tarehe 30 Juni 1971 wakaanza kurudi. Sehemu za chombo zilipoachana, kwenye kimo cha kilomita 168, vali ya kuingizia hewa ikafunguka kabla ya wakati wake. Hewa ikatoka. Hawakuwa wamevaa mavazi ya kuhimili hali hiyo, kwa sababu kapsuli ilikuwa finyu na watu watatu wenye mavazi yale wasingeenea. Chombo kiliendelea na kazi yake chenyewe: kikaingia hewani, parachuti ikafunguka, kikatua Kazakhstan bila kosa. Waokoaji wakafungua mlango wakiwa tayari kuwapongeza, wakawakuta wamekaa kwenye viti vyao. Miili ilikuwa bado ina joto. Wakawatoa, wakawalaza kwenye nyasi, wakawapulizia pumzi na kuwabonyeza vifua, muda mrefu.

Mimi nimewahi kumbonyeza mtu kifua. Najua mikono inavyokataa kuacha.

Tangu hapo Wasovieti hawakumrudisha mtu bila vazi la kuhimili upungufu wa hewa, na kwa miaka kadhaa Soyuz ikabeba wawili badala ya watatu ili mavazi yaenee. Vazi alilokuwa nalo Suni Williams usiku ule nililitazama kwa jicho hilo.

Yupo mwingine ambaye nikiwasimulia wanafunzi wanaokuja wodini kujifunza huwa wanaacha kuchezea simu. Valeri Polyakov alikuwa daktari. Alikaa kituo cha Mir siku 437 mfululizo, na mpaka leo hakuna aliyekaa angani muda mrefu zaidi kwa safari moja. Alitua tarehe 22 Machi 1995. Alikuwa amefanya mazoezi huko juu kama anadaiwa, kwa sababu alikuwa na jambo lake: alitaka kujua kama mtu anaweza kusafiri miezi hadi Mirihi, afike, na awe na uwezo wa kufanya kazi. Utaratibu ulikuwa wa kumbeba kutoka kwenye kapsuli hadi kwenye kiti kilichowekwa karibu. Yeye akataka kutembea. Zilikuwa hatua chache tu. Daktari alikuwa amejifanya mgonjwa wake mwenyewe siku 437 ili apate jibu la hatua chache, na hatua chache ndizo ninazozipigania kila asubuhi.

Kushuka kwenyewe kuna ukali wake. Usiku ule, saa sita na dakika kumi na moja, injini za Freedom ziliwashwa kwa dakika kadhaa kupunguza mwendo. Hazipunguzi sana, ni kiasi tu cha kukifanya chombo kisiikose tena dunia. Baada ya hapo ni hewa ndiyo inayofunga breki. Kapsuli inaingia kwa kasi kubwa mno hata hewa iliyo mbele yake inageuka moto wa nyuzi joto zaidi ya 1,600, na mawasiliano yanakatika. Kwa dakika kadhaa hakuna sauti. Nilijikuta nashika ukingo wa meza. Kisha sauti ikarudi, parachuti mbili za kwanza zikafunguka, halafu zile nne kubwa.

Wanaorudi na Soyuz hutua kwenye mbuga za Kazakhstan, na pale ardhi ndiyo inayowapokea. Roketi ndogo huwaka chombo kikiwa chini ya mita moja kutoka ardhini, na kila mmoja amelala kwenye kiti kilichofinyangwa kwa umbo la mgongo wake mwenyewe. Mambo yakienda sawa, mtu anabeba mara nne ya uzani wake wakati wa kushuka. Yasipokwenda sawa ni zaidi. Mwezi Aprili 2008 Yuri Malenchenko, Peggy Whitson na Yi So-yeon walishuka kwa njia kali, wakabebeshwa zaidi ya mara nane ya uzani wao, wakatua zaidi ya kilomita 400 kutoka walipotarajiwa. Whitson alikuwa ametoka kuelea miezi sita. Jaribu kufikiria mbavu zile.

Mkanada Chris Hadfield, aliyerudi Mei 2013, alieleza kwamba mara tu alipotua aliuhisi uzito wa midomo na ulimi wake, akagundua kuwa alikuwa amejifunza kuzungumza kwa ulimi usio na uzito. Nimesimulia hilo kwa wagonjwa wa kiharusi, wanaotafuta maneno yao upya, na wanalielewa haraka kuliko mimi nilivyolielewa.

Sasa, siku hizi kule kituoni mazoezi huchukua muda wa saa mbili hivi kila siku. Kuna mashine ya kunyanyua ambayo badala ya vyuma ina mitungi isiyo na hewa ndani, ya kuleta ukinzani. Kuna baiskeli. Kuna mkanda wa kukimbilia ambao mtu anafungwa mabegani na kiunoni kwa kamba za kunyumbuka, zimvute chini aweze kukanyaga. Suni Williams mwaka 2007 alikimbia marathoni ya Boston akiwa kwenye mkanda huo, kilomita zote 42, huku akiizunguka dunia. Aliporudi safari hii alikuwa na miaka 59. Wilmore alikuwa na 62. Hapa kwetu mtu wa miaka 62 akivunjika nyonga, jamaa huanza kuongea kwa sauti ya chini.

Na hapa ndipo pananiuma. Habari za wanaanga huishia kwenye parachuti. Wametua, makofi, kwisha. Lakini usiku uleule wale wanne walisafirishwa hadi Houston, na kesho yake yakaanza mazoezi ambayo kwa kawaida huchukua siku 45, kama saa mbili kila siku: kusimama, kutembea kwenye mstari, kugeuza shingo bila kupepesuka, kuchuchumaa, kurusha mpira na kuudaka. Mfupa unadai muda mrefu zaidi ya hapo. Shirika zima la watu limekaa likikubaliana kwamba aliyefika bado hajarudi.

Kwetu aliyetoka hospitali anahesabiwa amepona. Nyumba inajaa watu, kitanda kinatandikwa vizuri, na kwa mapenzi ya kweli kabisa wanamzuia asifanye lolote. Uji analetewa. Maji ya kunawa analetewa. Akitaka kuinuka anaambiwa, "Tulia bibi, usijisumbue, sisi tupo." Nikienda kumtembelea baada ya mwezi namkuta miguu imekuwa fito. Hakuna aliyemtendea ubaya. Wamempa safari ya anga, pale pale chumbani, bila mashine ya mazoezi.

Asubuhi ile nilikwenda kazini sijalala. Nilikuwa na bibi mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, na kwa siku nne alikuwa amenikatalia kusimama. Sababu yake ilikuwa moja: aibu. Hakutaka kufundishwa kusimama mbele ya wajukuu, mtu aliyelea watoto saba.

Nikamwamkia, nikamkalisha ukingoni, nikampima presha. Tulipokuwa tunasubiri nikamsimulia niliyoyaona usiku. Nikamwambia kuna watu wamerudi kutoka juu ya mbingu hii tunayoiona, hawakuweza kutembea, na leo hii wako kwenye mazoezi.

"Wanafunzwa kusimama?" akauliza.

"Wanafunzwa, bibi."

"Watu wazima?"

"Mmoja ana miaka 62."

Akaangalia miguu yake iliyoning'inia. Nyayo zilikuwa nyororo, zimepauka, ngozi ya kisigino imeanza kubanduka. Akatazama mlangoni, akamwambia mjukuu wake asogee huku aone vizuri. Kisha akanipa mkono.

"Haya. Nishike, mwanangu."

Nikahesabu mpaka tatu. Alipanda polepole, vidole vimeng'ang'ania fremu, magoti yanatetemeka, mimi macho yangu yako kwenye midomo yake. Haikupauka. Akakaa hivyo, kichwa chini, kama anayesikiliza kitu.

"Kumbe sakafu hii ni ya baridi," akasema.